Ramani Kwanza, Kigingi Baadaye

Ilani ya kuanzisha harakati ya wakazi wa Kibondo na Kasulu kuhusu reli ya Uvinza hadi Musongati. Imeandikwa Mabamba.

Sisi tulioweka majina yetu chini ya maneno haya ni wakulima wa maharagwe, mihogo na mahindi, warina asali, walimu wa shule za msingi, vijana wa bodaboda, wauza dagaa na akina mama wa gulio. Wengi tunatoka Mabamba na vijiji jirani. Wengine wametoka Kasulu, Heru Juu na Kitanga. Ilani imeandikwa kwa mkono kwenye daftari la shule. Tumeisoma kwa sauti mara mbili kwa Kiswahili na mara moja kwa Kiha, ili kila aliyetia saini au dole gumba ajue ametia kwenye nini. Tumeanza hivyo kwa makusudi, na msomaji ataiona sababu mbele.

Tunaitaka reli. Tunalisema hili mapema kwa sababu mtu anayeuliza swali juu ya mradi mkubwa hubandikwa jina la mpinga maendeleo hata kabla hajamaliza kuuliza. Gunia la maharagwe kutoka huku likifika Dar es Salaam limekwisha kulipia lori, ushuru na siku za njiani, na anayebaki na kidogo ni yule aliyeshika jembe. Ndugu zetu wa Burundi wanaovuka mpaka hapa kwetu wanaitegemea bandari hiyohiyo ya Dar es Salaam. Treni ikifika karibu, tutaipanda na mizigo yetu tutaipakia. Harakati hii haikuundwa kuizuia.

Mradi wenyewe si uvumi tena. Desemba 2022 ulisainiwa mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambazo 411 ni njia kuu na zilizobaki ni njia za kupishania na za stesheni. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaidhinisha zaidi ya dola milioni 696 za Marekani kwa ajili ya kipande hicho pamoja na tawi linalotuhusu sisi: kilomita 156 kutoka Uvinza hadi Malagarasi upande wa Tanzania, na kilomita 84 kutoka Malagarasi hadi Musongati upande wa Burundi, kwenye akiba kubwa ya nikeli. Januari 2025 ukasainiwa mkataba wa ujenzi wa tawi hilo na kampuni za Kichina, wa takribani dola bilioni 2.15. Agosti mwaka huohuo ujenzi ukazinduliwa Musongati.

Mabamba na reli ya Uvinza, wapi na wapi? Swali hilo tumeulizwa hata na watoto wetu wenyewe. Ni kweli, njia haikuchorwa kupita katikati ya soko letu. Sisi tuko kaskazini yake. Lakini maji ya huku yote yanaishia mto Malagarasi. Kila anayesafiri kati ya Kibondo na Kasulu anauvuka mto huo, na reli itauvuka huko mpakani, juu ya hapo kwa mtiririko. Kutoka kwetu mto unazunguka hadi kwenye maeneo oevu ya Muyovozi, ndipo unageuka kuelekea magharibi, unapita Uvinza na kuingia Ziwa Tanganyika. Tope litakalomwagwa juu litawafikia walioko chini. Kokoto na kifusi vitachimbwa mahali, na mahali hapo si lazima pawe kando ya reli. Malori yatapita njia zetu. Mafundi watataka kuni, samaki, vyumba vya kupanga. Tena tumeamua jambo lingine: mtu wa Kitanga akiambiwa ahame, wa Mabamba asikae kimya eti kwa sababu kigingi hakikupigwa kwake.

Sasa tueleze kwa nini tunaanza leo na si mwakani.

Mradi wa reli una wakati wake wa karatasi na wakati wake wa udongo. Wakati wa karatasi kuna upembuzi yakinifu, kisha usanifu wa awali, na sambamba nao tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Hapo ndipo panapoamuliwa reli ipite bonde gani, kilima gani kikatwe, daraja liwe refu kiasi gani, kalvati ziwe ngapi, watu na ng'ombe wavuke wapi. Mstari kwenye ramani ukisogezwa mita 200, gharama yake ni kazi ya wiki chache ya mtu wa kompyuta. Tuta likishajengwa, kulisogeza hata mita 2 hakuna anayekubali. Wananchi tumezoea kuitwa wakati wa udongo. Mthamini anakuja na fomu, nyumba inawekwa alama nyekundu, na mazungumzo yote yaliyobaki ni ya bei: mche wa mbuni shilingi ngapi, mgomba shilingi ngapi. Tunabishania bei kwa nguvu zote kwa sababu ndilo swali pekee tulilobakiziwa.

Reli hii inajengwa kwa mkataba wa kusanifu na kujenga kwa pamoja. Maana yake mkandarasi ndiye anayekamilisha michoro, na anaikamilisha kipande kwa kipande huku kazi ikiendelea kwingine. Wapo wanaosema tumechelewa, jiwe la msingi limeshawekwa. Sisi tunasoma kinyume. Mwelekeo mkuu umeamuliwa, ndiyo, lakini kalvati, vivuko, machimbo, kambi na njia za malori ni mambo yanayoendelea kuchorwa, na hayo ndiyo yatakayomgusa mtu wa kijijini kila siku kwa miaka mia.

Nani atamwambia mchoraji maji yanafika wapi? Mimi ninayeandika kwa niaba ya wenzangu nitaeleza nililoliona kwa macho yangu.

Barabara moja ilipojengwa karibu na shamba la ukoo wetu, watu wa vipimo walikuja mwezi wa Agosti. Mwezi huo kijito chetu ni uzi tu. Kuku anauvuka bila kulowesha mbawa. Wakapima, wakaandika, wakaondoka. Baadaye ikaja kalvati moja ya bomba, ikawekwa juu ya usawa wa kijito kwa karibu nusu mita, na tuta likafuata kulia na kushoto. Jirani yetu, bibi aliyelima bonde lile tangu alipoolewa, alikwenda na jembe lake hadi kwa vijana waliokuwa wakishindilia udongo. Akalisimamisha jembe ardhini, akaweka kiganja juu kabisa ya mpini, akawaambia mwezi wa Machi maji yanafika hapa. Wale vijana walimsikiliza kwa heshima. Hawakuwa na la kufanya, kazi yao ilikuwa kushindilia, na mchoro ulikuwa umeshapitishwa ofisini. Mvua zilipokolea, maji yalijaa nyuma ya tuta kama bwawa, yakakaa siku kumi na moja, maharagwe yakaoza yakiwa na maua. Tuta halikubomoka; kwa hesabu ya mradi, kila kitu kilikuwa sawa. Mpini wa jembe la yule bibi ulizama wote.

Ule ulikuwa mto wa kuku. Reli itavuka mabonde mengi kuliko barabara ile, tena reli haina uvumilivu wa barabara. Gari la mizigo linaweza kupanda kilima kwa gia ndogo. Treni ya mizigo haiwezi. Mteremko wake hupimwa kwa mita 10 hadi 20 hivi kwa kila mita 1,000, basi. Nchi yetu ni ya vilima na mabonde, kwa hiyo mhandisi atakata vilima na kujaza mabonde ili reli ilale. Kila bonde litakalojazwa ni bonde ambalo mtu fulani analilima mboga kiangazi, ndani yake kuna chemchemi, na maji yake yana njia yaliyoizoea tangu enzi. Mchoraji akiiona njia hiyo, ataweka daraja dogo au kalvati pana. Asipoiona, ataweka bomba. Hana ubaya wowote. Hakuambiwa.

Vivuko navyo ni hivyohivyo. Treni ya abiria ya reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Dodoma hukimbia hadi kilomita 160 kwa saa, na reli ya namna hiyo haivukwi ovyo: huwekwa uzio, na anayevuka hupita chini au juu. Njia ya miguu ambayo haikuonekana kwenye mchoro inakuwa njia iliyofungwa. Addis Ababa walifungua reli yao ya mjini mwaka 2015, na sehemu kubwa ya reli hiyo inapita usawa wa barabara ikiwa na vizuizi; wenyeji waliokuwa wakivuka mtaa kwa hatua ishirini wakajikuta wakitafuta kivuko mbali. Huo ni mji, una taa na lami. Kwetu mtoto wa darasa la pili anatembea kwenda shule kwa njia iliyochongwa na miguu tu, haina jina wala namba, na setilaiti inaiona kama mkwaruzo.

Sheria haiko dhidi yetu, na hili tunataka kila mwanaharakati alishike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza au kugharimiwa, na inatambua ushiriki wa wananchi na mikutano ya hadhara. Kanuni zake za mwaka 2005 zinataka matangazo yabandikwe mahali panapoonekana katika eneo la mradi, na watu watakaoguswa waitwe mkutanoni. Cheti cha mazingira hutolewa na masharti yake na mpango wa usimamizi unaotakiwa kufuatwa siku zote za ujenzi. Masharti hayo ni mali ya umma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu anapoombwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa upande wake huweka miradi mikubwa kama huu katika daraja la kwanza la athari, na hutaka muhtasari wa tathmini uwekwe hadharani siku 120 kabla bodi yake haijaamua. Ina pia dirisha huru la malalamiko.

Kwenye karatasi tumealikwa, basi. Shida ni namna tunavyopokewa mlangoni.

Tuseme ukweli kuhusu mikutano tuliyoiona, ya miradi ya kila aina. Gari linafika saa tano mchana siku ya kulima. Wageni wana haraka, wana vijiji vingine vitatu. Mtaalamu anaeleza kwa nusu saa, maneno mengi ni ya Kiingereza yaliyovaa kanzu ya Kiswahili. Wazee wa nyuma hawasikii, akina mama wamekaa pembeni na watoto mgongoni na hakuna anayewageukia. Kisha linazungushwa daftari la mahudhurio. Mtu anaandika jina kwa sababu amehudhuria, wengine kwa sababu kuna soda. Miezi ikipita, majina yaleyale yanakuwa kiambatisho kwenye ripoti, chini ya kichwa kinachosema wananchi walishirikishwa na kuuafiki mradi. Kuhudhuria kumegeuzwa kukubali. Ndiyo maana ilani hii tumeisoma mara tatu kabla ya mtu yeyote kushika kalamu.

Lamu, pwani ya Kenya, watu walikataa kushirikishwa kwa namna hiyo. Palipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, cheti cha mazingira kikatolewa. Wavuvi na wakazi, chini ya mwavuli wa Save Lamu, wakakipeleka cheti mbele ya Baraza la Rufaa la Mazingira la Kenya. Juni 2019 baraza likakifuta, na moja ya sababu zake kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hawakurusha jiwe. Walikuwa na wakili, kumbukumbu za mikutano na subira ya miaka.

Honolulu, visiwa vya Hawaii nchini Marekani, ilikuwa reli ya mjini hasa. Njia ilipangwa kupita mahali ambapo wenyeji walizika watu wao tangu zamani, na mji ukaanza kujenga upande mmoja wakati uchunguzi wa makaburi upande mwingine haujamalizika. Mama mmoja wa asili ya huko akaenda mahakamani. Agosti 2012 Mahakama ya Juu ya jimbo ikasema uchunguzi wa njia nzima ulipaswa kumalizika kwanza. Ujenzi ukasimama karibu mwaka mzima hadi walipofanya kile ambacho wangekifanya mwanzoni kwa gharama ndogo zaidi. Reli ilijengwa, na mwaka 2023 ikaanza kubeba abiria.

Tunaitaja Honolulu kwa sababu ya makaburi. Huku kwetu marehemu wengi wamelala karibu na nyumba zao, ndani ya migomba, na makaburi mengine yana mawe matatu tu na mti uliopandwa kwa makusudi. Tanzania ina sheria ya uhamishaji wa makaburi tangu mwaka 1969, na inataka taarifa itolewe na wahusika wajulikane. Lakini kaburi lisilo na saruji halionekani na mpimaji. Lazima mtu amwonyeshe, na mtu huyo ana umri wa miaka 80 na hajaitwa mkutanoni.

Hata mto wetu wenyewe una ushahidi kwamba tathmini ikifanywa kwa dhati hubadili mipango. Mwaka 2008 Marekani na Tanzania zilisaini mkataba wa msaada wa dola milioni 698, na ndani yake ulikuwemo mradi mdogo wa umeme wa maji kwenye Maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Uchunguzi wa mazingira ukakuta viumbe wa majini adimu mahali hapo. Mradi ule ukaachwa, na fedha za Kigoma zikaelekezwa kwenye umeme wa jua. Baadaye umekuja mpango mwingine wa Igamba, wa megawati 49.5, wenye usanifu wake na tathmini yake. Kama konokono wa Igamba walihesabiwa, na sisi tuhesabiwe. Na maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovozi, yanayoyapokea maji haya, yamo katika orodha ya Ramsar tangu Aprili 2000, hekta milioni 3.25, ya kwanza nchini kuingia humo. Yamehifadhi nzohe na korongo nyangumi, na yamelisha wavuvi wa vizazi na vizazi. Tope la reli lisiwe mchango wetu kwao.

Kuna jambo la kihistoria ambalo vijana wa kwetu hawalijui vizuri, na wazee wanalitaja kwa kifupi halafu wananyamaza.

Watu wa nyanda hizi wamepangwa na ramani za wengine mara nyingi. Reli ya Mjerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914. Haikupanda huku juu. Lakini babu zetu waliteremka kwayo kama manamba, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Wengine walirudi na baiskeli na blanketi, wengine hawakurudi. Miaka ya 1930 serikali ya Mwingereza iliwakusanya watu wa Buha kwenye makazi ya kuepuka ugonjwa wa malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Hatuandiki hapa kuhukumu kila mpango. Malale ilikuwa inaua, na vijiji vilileta shule na zahanati. Ila katika mipango hiyo yote mtu alikuta mstari umeshachorwa. Na tangu mwaka 1993, majirani zetu walipokimbilia kwetu kwa maelfu kuokoa maisha, tumejifunza pia mlima wa miombo unachukua muda gani kuisha ukigeuzwa kuni, na kwamba maji ya kisima huifuata miti. Tuliwapokea na tungewapokea tena. Lakini hesabu ya miti ile haikuwahi kuandikwa na mtu mapema. Kambi za wajenzi zitakula kuni pia, na safari hii iandikwe mapema.

Kwa hiyo tunadai haya, na tunayadai kwa adabu.

Tathmini ya mazingira na michoro ya kila kipande iletwe kwenye ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, kwenye karatasi kubwa inayoweza kutandazwa chini, yenye majina ya vilima na vijito jinsi sisi tunavyoviita. Ikae hapo siku za kutosha kabla ya mkutano. Mkutano upangwe siku ambayo watu hawalimi, na awepo wa kutafsiri kwa Kiha. Akina mama wapewe nafasi yao ya kuzungumza peke yao, kwa kuwa wao ndio wanaojua chemchemi ipi haikauki. Mwisho wa mkutano muhtasari usomwe kwa sauti, na kando ya kila hoja ya mwananchi paandikwe imekubaliwa au imekataliwa, na sababu. Daftari la mahudhurio liitwe hivyo na libaki hivyo.

Vipimo vya maji vichukuliwe wakati wa mvua. Kama ratiba haisubiri mvua, basi mhandisi atembee na wenyeji bonde kwa bonde na aandike wanachomwonyesha. Njia za miguu na za mifugo zihesabiwe kabla uzio haujachorwa. Mashimo ya kifusi yawe na mpango wa kufukiwa, na fedha ya kuyafukia iwekwe pembeni kabla ya kuchimba. Mashimo ya barabara tulizonazo yanatosha kufuga mbu wa wilaya nzima. Kwenye daraja la mpakani, Warundi wa ng'ambo wasikilizwe pamoja na sisi, kwa sababu mto haujui pasipoti.

Kuhusu fidia hatutasema mengi, kwa kuwa wengi wanaisemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Pamoja na thamani ya ardhi na mazao zipo posho za usumbufu, za makazi na za usafiri. Anayetathminiwa aombe nakala ya fomu yake siku hiyohiyo, aisome na aitunze mbali na panya. Fidia ikipita miezi 6 bila kulipwa inadaiwa riba, na uthamini una uhai wa miaka 2 tu. Wanaume tunawaambia waziwazi: mke aitwe wakati fomu inajazwa.

Upande wetu tuna wajibu pia, na tumekubaliana tuufanye kabla ya kudai wengine wafanye wao. Harakati hii haina chama wala haitasimamisha mgombea. Haitapokea fedha, mafuta wala chakula kutoka kwa mkandarasi au dalali wa ardhi. Mwanachama akipata kazi kwenye mradi, heri kwake, lakini aiachie nafasi yake ya uongozi mwenzake. Hatutang'oa kigingi hata kimoja. Hatutapanda miche ya haraka usiku ili tulipwe, na tutakayemjua anafanya hivyo tutamwambia aache, kwa sababu uongo wa mmoja unamfanya mthamini awashuku wote. Mtaalamu akija atapewa mtu wa kumwongoza na maji ya kunywa.

Na tutachora ramani yetu wenyewe. Kila kijiji kitatoa watu wanne, wawili wakiwa wanawake, na mmoja asiyepungua miaka 70. Watatembea bonde kwa bonde wakiandika: jina la kijito, maji ya Machi yanafika kiasi gani kwa kipimo cha mpini wa jembe, chemchemi isiyokauka, njia ya shule, njia ya ng'ombe, mizinga, makaburi. Walimu wetu wa jiografia wamekubali kuyaweka yote kwenye karatasi yenye vipimo. Nakala moja itabaki kijijini, moja itapelekwa halmashauri, moja kwa Shirika la Reli, na moja kwa watu wa NEMC, baraza la mazingira la taifa. Tutataka saini ya kupokea kila tutakapoipeleka.

Barua ya kwanza, ya kuomba masharti ya cheti cha mazingira cha kipande cha Uvinza hadi Malagarasi, tumeshaiandika. Siku itakapogongwa muhuri wa kupokelewa, tutaanza kuhesabu siku 30, na hesabu hiyo tutaibandika ukutani sokoni kila mtu aione.

Wewe uliyesomewa ilani hii ukiwa Kitanga, Heru Juu, Kibondo mjini au ng'ambo ya mto, njoo gulioni Mabamba utukute. Huna haja ya kiingilio wala kadi. Njoo na jina la kijito kinachopita nyuma ya nyumba yako, na mkumbuke pamoja, wewe na wazee wako, maji yake ya Machi yanafika wapi.